Shemeji na Dirisha la Haisi

Shule niliishia darasa la nne, hapo Kwaluguru, na sioni haya kulisema. Wenzangu waliopata vyeti leo wananunua blanketi kwangu na wananiita bosi. Nilianza na mkaa. Niliuchoma mwenyewe porini, nikaubeba kwa baiskeli mwenyewe mpaka barabarani. Leo nina gari langu, Haisi. Nimeng'oa viti vyote vya nyuma, fundi akanichomelea kitanda cha chuma: chini mzigo, juu godoro. Nikienda magulioni sitafuti gesti. Gesti ni mahali pa kuibiwa. Mimi nalala juu ya mali yangu.

Habari za wezi mtu asinifundishe. Wasaidizi watatu nimeshawafukuza. Wa kwanza alicheka mno na wateja. Wa pili hakucheka kabisa. Wa tatu sikumwona na kosa lolote, na hilo ndilo lililonitia shaka.

Alipoondoka huyo wa tatu, mke wangu akasema, "Sasa utakwenda na kaka yangu." Kaka yake ananizidi miaka kama mitano, Msambaa wa milimani, mtu mpole, alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa.

"Na huyu naye ukimwita mwizi," mke wangu akaongeza, anachambua mchele, hata hakuniangalia, "mimi narudi kwetu."

Namjua. Hajawahi kunitishia jambo asilolifanya.

Basi mwezi wa saba tukapanda milimani. Baridi ikiwashika watu wa juu, mimi ndio navuna. Tuliuza Makuyuni kidogo, tukapandisha milima ya Korogwe hadi soko moja lililo juu kabisa, ukungu umelala mpaka kwenye vibanda. Tulifika jioni ili tuwahi nafasi ya kesho yake.

Utaniuliza: gari limejaa blanketi, ulisikiaje baridi? Anayeuliza hivyo hajafanya biashara. Blanketi jipya likitoka kwenye nailoni yake limeshakuwa mtumba. Sikufungua hata moja. Tulijifunika mashuka, mimi nikavaa suruali mbili, na bado nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Alfajiri nikashtuka, upepo unanipiga shingoni. Dirisha la upande wa shemeji liko wazi, upana wa kiganja.

"Shemeji, nani kafungua dirisha?"

"Mimi. Pumzi zetu zilikuwa zinatiririka kwenye vioo. Gari lilikuwa kama sufuria lililofunikwa."

"Na baridi hii?"

"Nyie Wazigua mmezoea kulala nje kama mbuzi, nyumba ya baridi hamuijui. Kwetu chumba kinaachiwa tundu, hata iwe baridi ya kuua kuku."

Nikacheka, maana Msambaa ni mtani wangu, na shemeji ni mtani mara mbili. Lakini kiganja ni upana wa kutosha kupitisha blanketi lililobanwa vizuri. Alipokwenda kunawa nililijaribu. Lilipita.

Siku nzima ya soko nilimchunga. Alisalimiana na nusu ya soko kwa Kishambaa, mimi nasikia robo tu. Kila mama aliyepita alikuwa shangazi yake. Mchana bwana mmoja mwenye koti jekundu akasimama naye nyuma ya gari. Wakaongea chini chini, kisha yule bwana akaliangalia lile dirisha. Nikasema moyoni: ndiye mpokeaji wa mali ya wizi huyo.

Jioni ikanyesha mvua nyembamba, barabara ikawa sabuni, kushuka kukashindikana. Nikaamua usiku ule sitetemeki na siibiwi. Niliziba madirisha yote kwa maboksi na matambara, hata nyufa za mlango. Nikafunga milango kwa kufuli kwa ndani, ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba. Halafu nikaweka jiko sakafuni, nyuma ya viti vya mbele, mkaa umekolea, mwekundu, hauna hata uzi wa moshi.

"Shemeji, hapana," akasema. "Moto ukiwa ndani, achia dirisha."

"Unalitakia nini hilo dirisha?"

"Hewa. Mkaa una sumu."

"Unanifundisha mkaa mimi? Mimi nimechoma mkaa wakati wewe unakata mkonge! Sumu ni moshi. Moshi uko wapi hapa? Nionyeshe."

Akanitazama. "Basi mimi sitalala."

"Na mimi silali," nikamjibu.

Nisichokifikiria wakati ule ni kwamba mkaa wote niliouchoma maishani niliuchomea porini, chini ya mbingu. Sumu yake haina harufu wala rangi. Joto lilikuja tamu, vidole vya miguu vikarudi kuwa vyangu. Kichwa kikaanza kugonga, nikasema ni uchovu. Magoti yakawa mazito, nikasema ni joto. Kisha nikasikia mkono shingoni.

Mkono ulikuwa unavuta kamba ya ufunguo. Nikajua: hii ndiyo saa yake. Nilitaka kupiga kelele, ulimi haukunyanyuka. Ngumi ikakataa kukunjika. Kilichonitii ni meno tu. Nikamng'ata chini ya kidole gumba, nikang'ang'ania. Hakulia. Nikamsikia anapapasa sakafuni kwa mkono wa pili, nikasubiri panga. Kumbe alikuwa anatafuta spana ya gurudumu. Kioo kikavunjika, mvua ikaingia.

Alinisukuma kichwa nje ya dirisha. Nikatapika, naye akatapika pembeni yangu. Na nikwambie ukweli: macho yalipofunguka, jambo la kwanza nililofanya ni kutazama gizani kama mpokeaji yupo. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kibanda cha nyanya na mbuzi amejikunyata chini yake.

Kulipokucha bwana wa koti jekundu akaja na chupa ya chai.

"Mbona hamkuja kulala?" akatuuliza. "Chumba nilikitandika. Jana huyu ndugu yangu aliniomba, kasema Mzigua wake anakufa kwa baridi garini."

Nikamgeukia shemeji. "Hukuniambia!"

"Ungekubali kuacha mzigo ukalale kwa mtu usiyemjua?"

Nikaipokea chupa ya chai, nikamimina.

Tukashuka hadi Kabuku, nyumbani kwangu. Upepo uliingia kwenye kioo kilichovunjika, na yeye mkono kaufunga kitambaa. Tulipofika, mke wangu aliuona kabla hajatusalimia.

"Kaka, mkono una nini?"

"Mbwa," akasema shemeji. "Huko juu."

Nikashusha pumzi. Nimepona.

"Mbwa wa nani?"

"Hatumjui."

"Basi ni hospitali, sasa hivi! Mbwa asiyejulikana ni sindano, tena si moja." Ameshachukua khanga ya pili, anatafuta viatu.

Shemeji akanitazama. Hakunikonyeza wala kunung'unika. Angekwenda. Angechomwa sindano zote zile kwa kichaa cha mbwa asichokuwa nacho, ili mdogo wake asifungashe mizigo. Nikatafuta hila usoni pake. Nilitafuta vizuri, na mimi nikitafuta hila huwa naipata. Haikuwapo.

"Mbwa ni mimi," nikasema.

Mke wangu akasimama, khanga haijafungwa vizuri. Nikamweleza yote: blanketi nililolipitisha dirishani, mpokeaji wangu wa koti jekundu, ufunguo, meno. Kila neno lilikuwa linanipunguza.

"Lakini hana kichaa, mdogo wangu," shemeji akadakia. "Nimemchunguza njia nzima."

Mke wangu hakucheka. Akamwingiza kaka yake ndani, nikasikia anamwosha mkono kwa maji ya chumvi, shemeji anasema polepole, polepole. Kwangu hakusema neno, la kubaki wala la kuondoka.

Nikakaa kwenye benchi la nje. Magari ya Segera yakapita, ya Chalinze yakapita. Harufu ya mchuzi ikatoka. Nikasikia sahani moja ikiwekwa mkekani, kisha ya pili. Ya tatu nikaisubiri, sikuisikia. Mimi niliyejenga nyumba ile kuanzia msingi, nikawa naogopa kuingia.

Pazia likasogea. Aliyetoka si mke wangu. Ni shemeji, kashika sahani yake kwa mkono mzima. Akaniambia nisogee, akaketi, akaiweka katikati yetu.