Pampasi Ndani ya Mabuti

Hii nimechelewa kuwasimulia kwa sababu ya aibu, na kuongea mbele za watu kwangu ni shida, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa naenda Isingiro kujitambulisha kwa baba yake Jeska, mchumba wangu, na Jeska alishaniambia baba akimkataa mtu siku ya kwanza habadili tena. Mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda wakaikataa ile njia, basi nikaenda kwa miguu na mabuti ya shambani, viatu vizuri nimeviweka kwenye mfuko nivae nikikaribia. Tatizo mabuti yametoboka. Nikaona pampasi za mtoto wa dada, nikajiambia, kama mtoto anakojoa na kuamka mkavu, soksi zangu zitashindwaje? Nikajifunga kila mguu na yake, nikajiona nina akili.

Bondeni maji yalifika kwenye kifundo. Mwanzoni nilisikia raha, halafu mabuti yakaanza kubana, nikadhani ni uchovu (kumbe zile punje za ndani ya pampasi zinakunywa maji na kuvimba, na ndani ya buti hazina pa kwenda). Kwenye migomba ya kwao Jeska nikavuta buti, halikutoka, nikavuta la pili, vilevile, na Jeska ameshaniona ananiita, nikaingia hivyo hivyo natembea kama bata.

Sebuleni walikuwa wametandika nyasi mpya sakafuni za kumpokea mgeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Vua mabuti, kijana."

"Yamekataa, baba."

Mashemeji wawili wakanishika, mmoja kwapani, mmoja mguuni, wakavuta, buti likagoma, ila ute mzito ukafurika juu ukaanguka kwenye nyasi.

"Mguu wako unaumwa nini?" mzee akauliza.

Nikajibu chinichini. Akasema hajasikia, nikarudia kwa sauti ya kusikika na wote: "Nimevaa pampasi, baba."

Mama yake Jeska alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaleta chumvi akaimwaga ndani ya mabuti (aliwahi kufua pampasi pamoja na nguo bila kujua, ndivyo alivyoondoa ule ute). Tukasubiri, ute ukalegea ukawa maji, miguu ikatoka imekunjamana.

Mzee hakucheka. Alinipa punje za kahawa za kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote, naye akatafuna yake polepole, mimi najiandaa kuaga.

"Siku ya kuleta mahari," akasema, "njoo na ndala."

Ndala nimeshanunua. Mabuti nimeyaziba kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli, na pampasi nimemwachia mwenye umri wake, ila mashemeji wakipiga simu bado wanaanza kwa kuuliza kama nimekauka.