Jembe Yetu Ilivyoolewa Lemera

Musinicheke bado, ngojeni nimalize, maana ata leo nikipita Kavimvira, hapa kwetu Uvira, kuna batu bananiitaka "baba mukwe wa jembe", na nikisikia vile damu inanipanda.

Minye njo nachungaka mize, nyumba ya makumbusho, ya Papa Kashindi, muzee mwenye alichimbuaka vyungu na vyuma vya zamani kule milimani, akavipanga mu nyumba yake mwenyewe. Kiwanja tunapangishaka kwa sikukuu. Ile siku ilikuwa ya kutoa dote, mahari ya rafiki yangu Bisimwa (huyo, ukimugusa umenigusa), anaoa binti wa Lemera.

Kila kitu iko sawa, mbuzi ziko, vitenge viko, mpaka shangazi ya binti anasimama anauliza jembe iko wapi, kwa sababu kwao bila jembe binti hatoki. Bisimwa amesahau. Butiki yenye kuuzisha majembe iko ng'ambo ya barabara, ni kuvuka tu! Lakini shangazi akageukia benzake akasema, "Hawa ba Uvira banajua kunusa samaki, kulima hapana," bakamucheka rafiki yangu, na minye kichwa ikapata moto. Nikaingia ndani, nikafungua vitrini, kabati ya vioo yenye kuwekwa kitu kimoja tu, nikatoa jembe ya zamani kuliko zote, ile yenye wageni banatokaka mbali kuiangalia (nilijiambia nitaichukua tena wakati banakula). Nikamuwekea mu mikono.

"Shika, mama. Hii ilizaliwa mbele ya babu ya babu yako."

Vigelegele mpaka barabarani. Akaifunga mu kitenge, akaikalia.

Njo Papa Kashindi anafika. Hakupandisha sauti, aliangalia vitrini wazi, kisha akaniangalia minye. Nikavuka mbio, nikanunua jembe mupya, nikapiga magoti mbele ya shangazi: mama, tubadilishane. Akajibu kwa nguvu, kila mutu asikie:

"Dote inarudishwaka siku ndoa imekufa. Imekufa?"

Binti akaanza kulia, akafikiri Bisimwa amemukataa. Na Bisimwa, ule ule nilikuwa namupigania, akanishika kola: "Weye unaniharibia bibi juu ya chuma ya kutu?" Niko magoti, jembe mupya mu mikono, na simu zote zinanipiga picha.

"Achia mama aende nayo," Papa Kashindi akasema. Akaingia ndani, akafunga vitrini tupu na ufunguo.

Sasa kila dote naweka jembe mupya nyuma ya mulango mbele ata viti havijafika, na kitu ya vitrini sigusi tena, ata binti abaki kwao. Lakini haikuisha. Bisimwa na bibi yake banagombanaka, na ni minye (minye, muchungaji wa mize!) nakimbiaka kubapatanisha. Nikirudi, Papa Kashindi ananiuliza polepole, bila kuniangalia: "Banapatana?"

Nikisema banapatana, anashusha pumzi kama mwenye amekosa kitu. Nikisema bamegombana, anaenda kupangusa vitrini, kama vile jembe inarudi kesho.