Nyumba Ndiyo Iliyozunguka

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kusimama. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili mjini Lodwar, na kazi hiyo naifanya kwa miguu. Sikai wakati wa kipindi, wala siwaruhusu wanafunzi wangu kuegemea ukuta wanaposoma kwa sauti. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa, na miongoni mwa majukumu yangu ni kuwaonya waumini kuhusu pombe ya chang'aa, ambayo imevunja nyumba nyingi katika mtaa wetu. Nayataja haya si kwa kujisifu. Msomaji asiyeyajua hataelewa kilichokuja kunipata.

Asubuhi moja, jua likikaribia kuchomoza, niligeukia upande wa kulia ili nishuke kitandani. Chumba kikaondoka. Mabati ya paa yalikimbia kutoka juu kwenda chini, yakarudi juu, yakakimbia tena bila kukoma. Nilishika ubao wa kitanda kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kutupwa. Jasho baridi likanitoka, nikatapika juu ya shuka. Kisha, kwa muda ambao mtu angemaliza sala fupi, kila kitu kikatulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mke wangu Akiru aliacha jiko nje akaingia.

"Baba Ekai, ni nini?"

"Nyumba inazunguka."

Akazitazama kuta. "Nyumba iko pale pale. Ni wewe umelala vibaya. Tangu ulete hili godoro la mji, shingo yako imekuwa ya mtoto mchanga."

Namwomba msomaji ayakumbuke maneno yangu mawili ya asubuhi ile, kwa sababu mimi mwenyewe niliyasahau. Nilipofika kwenye zahanati sikusema tena kwamba nyumba inazunguka. Nilisema nina kizunguzungu. Nikapewa dawa za malaria, nikazimaliza, na mabati yakaendelea kukimbia. Nilirudi na neno lile lile, nikatibiwa homa ya matumbo. Nikaenda kwingine nalo, nikapimwa presha na kukatazwa chumvi. Dawa zilinichafua tumbo na kunitia uchungu mdomoni. Ugonjwa haukuguswa.

Punde si punde ukanifuata darasani. Niliinua kichwa ili niandike tarehe juu kabisa ya ubao, na ubao ukanikimbia. Nilianguka juu ya dawati la mbele. Wanafunzi walicheka. Jioni hiyo nilipita kwenye kituo cha bodaboda nikiyumba, mkono mmoja ukipapasa ukuta wa duka.

"Mwalimu, ejok!" mmoja akanisalimu kwa Kiturkana. "Leo nani amekuonjesha?"

"Mwache," akadakia mwenzake. "Alikuwa anaichunguza, ili Jumapili atuhubirie vizuri."

Kicheko kilinisindikiza hadi kwenye kona. Niliendelea kupapasa ukuta kuelekea nyumbani. Mtu anayejitetea huku akiyumba huwasadikisha wanaomshuku.

Mwalimu mkuu wetu, mama mtaratibu asiyependa makelele, aliniita ofisini. Alisogeza kiti chake karibu nami kuliko kawaida, nami nilielewa kwamba alikuwa akiinusa pumzi yangu.

"Mwalimu, pumzika nyumbani," alisema. "Wazazi wanaongea. Bodi itakaa mwisho wa mwezi. Kama ni ugonjwa, tibiwa. Kama ni hiyo nyingine, mimi sitaweza kukutetea."

Sikuogopa kifo kama nilivyoiogopa hukumu ya bodi. Mwalimu anayeondolewa kwa ulevi hapati darasa jingine katika mji mdogo, na kila onyo alilowahi kutoa hugeuka kuwa mzaha.

Kaka yangu mkubwa, Lokwang, alifika kutoka Lorugum, anakochunga mifugo. Alileta ekicholong cha marehemu baba yetu, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilazia kichwa wakati wa kulala. Aliniwekea chini ya shingo kwa mikono yake. Nililala chali, kichwa kikiwa juu, na mabati hayakukimbia.

"Mzee amekushika kichwa," Lokwang akasema. "Sasa tumchinjie mbuzi, amalize kazi."

"Mbuzi nitamla. Lakini sitasema ndiye aliyeniponya."

"Hata akikuponya utambishia! Wewe ulisomeshwa ukapita kiasi."

Tulikula mbuzi. Nilipoacha kigoda na kulala kwenye mto, mabati yakakimbia tena.

Hatimaye muuguzi mmoja hapa Lodwar alisoma vipimo vyangu vyote akaniambia, "Damu yako ni safi, presha haina neno. Kuna daktari wa masikio anakuja Kakuma wiki hii. Mwone."

"Masikio yangu yanasikia vizuri."

"Nenda tu, mwalimu."

Nilikwenda na Akiru, kigoda mkononi. Gari lilipoanza kuongeza mwendo nilifumba macho na kutapikia mfuko wa plastiki. Foleni ya Kakuma ilikuwa ndefu, ya wenyeji na wakimbizi pamoja. Mzee mmoja wa Kikongo alinitazama nikiyumba, akainuka kutoka kwenye benchi. "Papa, kuya ukae hapa," alisema. Ndiye mtu wa kwanza, katika majuma yale yote, aliyeniona nikiyumba bila kuninusa.

Daktari alikuwa mama wa Pwani, mwenye sauti ya chini na maswali ya haraka.

"Hebu nambie, mwalimu. Waumwa nini?"

"Kizunguzungu."

"Kizunguzungu gani?"

"Cha kawaida."

"Hicho sikijui. Neno hilo ni gunia, kila mgonjwa huniletea limefungwa. Waona giza kama utakayezimia? Wajihisi mwepesi kama mwenye njaa? Au kuna kitu kinazunguka? Na kama kinazunguka, ni wewe au ni nyumba?"

Kabla sijafungua mdomo, Akiru akajibu. "Ni nyumba, daktari. Siku ya kwanza alisema nyumba, nikamcheka."

Daktari akaweka kalamu chini. Alitaka kujua hutokea nikigeukia upande gani, na kama huwa hivyo nikitazama juu. Kisha akakiona kigoda. Nilipomweleza matumizi yake, alitabasamu.

"Kimekusaidia kwa kuwa kimekizuia kichwa kisishuke. Panda kitandani. Mama, mshike mabega. Na wewe usifumbe macho hata ukiona kiama. Macho ndiyo yatakayoniambia."

Alikigeuza kichwa changu kulia, akanilaza ghafla hadi kichwa kikaning'inia nje ya ukingo. Kwa pumzi chache hakikutokea kitu. Kisha chumba kikaondoka kwa nguvu kuliko siku zote. Nilipiga kelele. Nilitapika. Akiru hakuniachia.

"Macho yake yanacheza!" akasema kwa hofu.

"Yaache yacheze," daktari akajibu. "Ndicho nilichokuwa nikikitafuta."

Nilipotulia, akachukua chupa yetu ya maji. Yalikuwa maji ya mtoni, na chini yake palikuwa na mchanga kidogo. Alitueleza kwamba ndani kabisa ya kila sikio, mbali na sehemu ya kusikia, mna mirija mitatu iliyopinda kama pete, kila mmoja ukielekea upande wake. Imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji huchelewa nyuma, huzisukuma nywele ndogo sana, na nywele hizo huupasha ubongo habari za mgeuko. Ubongo nao huyaamuru macho yaende upande wa pili kwa kiasi kile kile, ndiyo maana dunia haitikisiki tunapotembea. Kando ya mirija mna vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa. Uzito wa chembe hizo ndio unaotujulisha chini ni wapi, na kama gari limeondoka au limesimama.

"Chembe zako zimetoka kwenye kifuko zikaingia kwenye mrija," alisema, akaiinamisha chupa na kuishika bila kuitikisa. Mchanga uliendelea kuteleza. "Waona? Chupa imetulia, mchanga bado wasafiri, wayavuta maji. Sikio moja lasema wazunguka, jingine lasema umetulia. Ubongo umsadiki nani?"

"Na dawa yake?" nikauliza.

"Ni kuzirudisha zilikotoka."

Alinilaza tena kama mwanzo, akasubiri. Akakigeuza kichwa kushoto taratibu, akasubiri. Akanilaza ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu, akasubiri tena, kisha akaniketisha. Hapakuwa na sindano wala kidonge. Aliponipima mara nyingine, paa la Kakuma lilibaki juu ya kuta zake.

Bodi ilikaa kama ilivyopangwa, nami niliomba nisimame mbele yake. Niliwaeleza niliyoyaeleza hapa, kwa ufupi zaidi. Kisha nikaenda kwenye ubao, nikainua kichwa, nikaandika tarehe juu kabisa, na kuipigia mstari. Mstari ulinyooka. Mwalimu mkuu akasema, "Kesho una kipindi cha kwanza." Hakuna aliyeniomba radhi, nami sikungoja.

Ugonjwa ulirudi mara moja baadaye, nikatibiwa vivyo hivyo. Namshukuru Mungu, aliyeweka kazi kubwa namna hii mahali padogo namna ile. Namshukuru daktari, na mzee aliyenipisha kwenye benchi.

Kwa wewe unayeumwa: usimpe tabibu neno moja ukanyamaza. Mwambie kinachozunguka, unapogeukia upande gani, na kinachukua muda gani. Na kama kizunguzungu kimekuja pamoja na ulimi mzito, mkono usio na nguvu, au maumivu makali ya kichwa, usisubiri, kimbilia hospitali. Kwa wewe unayemwona mwenzako akiyumba: mpe kwanza mahali pa kukaa. Ukishampa, uliza.

Siku tuliporudi kutoka Kakuma nilijilaza kwenye godoro la mji, bila kigoda, nikageukia kulia. Akiru alisimama mlangoni akiwa ameshika beseni, tayari kwa lolote.

"Baba Ekai," aliuliza, "nyumba iko wapi?"

"Iko pale pale," nikamjibu.

Akaliweka beseni nje.