Nilivyomlalia Khawaja Shimoni

Nilikuwa nimemlalia khawaja, yaani mzungu, ndani ya shimo la takataka za hoteli, nimemziba mdomo kwa kiganja, na walinzi wenzangu wanacheka hadi kukaa chini.

Khawaja huyo aliwahi kuwa askari wa kikosi cha majini cha ng'ambo, kilichofunzwa kupigana msituni. Baada ya mkataba wa amani kutiwa sahihi, alikuja Juba kutuchagulia mkuu wa walinzi wa hoteli. Mimi, niliyepona vitani kwa kula majani, nikajigamba: "Msitu yeye kausomea, mimi umenilea!"

Ndipo ndege ikanguruma juu yetu, na mlinzi mwenzangu Wani akanipigia kelele, "Mzee Lado, mabomu!" Nikamrukia khawaja, nikatumbukia naye shimoni kama tulivyojificha vitani.

Kumbe ndege imeleta bia. Ukuu akapewa Wani, eti yeye peke yake hakushtuka. Wani, jibu mbele ya wote: ungeshtukaje, na uongo ulikuwa wako?