Chumba Kimoja, Vitanda Vinne

Wenzangu mliokulia Turwa, pale Tarime, mnakumbuka tulivyoringiana kwa treni ambayo hata haikufika kwetu? Mwenye ndugu Kenya alivuka mpaka pale Sirari, akafika Kisumu, akapanda ya usiku kwenda Nairobi, kisha akarudi kutuhadithia mwezi mzima. Sasa simu zimejaa habari kwamba kuna mipango ya kuirudisha. Watu wanashangilia. Mimi nimekosa usingizi.

Nilikuwa darasa la pili. Bibi, mzaa mama, alikuwa anapelekwa Nairobi kupasuliwa jicho. Jingine lilikuwa limeshazima, na miadi ilikuwa kesho yake asubuhi. Tulibeba viazi vitamu vya kuchemsha, bado vya moto, na stesheni ilinuka dizeli na samaki wa kukaanga. Rafiki wa baba, mtu wa Kisumu, ndiye aliyetukatia tiketi, na kwa wema wake akatuchukulia chumba kizima: vitanda vinne, sisi wanne, bibi, mama, baba na mimi.

Bibi alipapasa mlango wa chumba, akauliza, "Na Baba Robi analala wapi?"

"Baba? Humu humu, bibi," nikajibu. "Juu yako."

Akageuka, akashuka kwenye treni. Kwetu Wakurya, mama mkwe na mkwewe hawalali chumba kimoja, wala mmoja haoni kitanda cha mwenzake.

"Mama, jicho hilo!" mama alimsihi.

"Nikilala chini ya mkwe wangu, watu wa Tarime nitawatazama kwa jicho gani?"

Filimbi ikalia. Baba, aliyekuwa amesimama mbali akitazama chini, hakubishana. Alimfuata mama mmoja Mjaluo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwenye tiketi ya kukaa, wakabadilishana.

"Wewe mzee una wazimu? Unaniachia kitanda?" yule mama alicheka. Baba alishakimbilia mabehewa ya nyuma.

Bibi akapanda. Yule mama alikoroma juu yake hadi Nairobi, chumba kizima kikinuka omena. Asubuhi baba alishuka amekakamaa kama gogo. Jicho likapona.

Sasa mchumba wangu, kijana wa Geita, si Mkurya, anayefanya kazi mgodini Nyamongo, ameziona hizo habari. "Ikirudi tunamchukua na mama yako, chumba kimoja, tunapiga stori mpaka Nairobi!" Amesema kwa upendo. Nina digrii, lakini ujumbe wa kumweleza nimeuandika na kuufuta mara nne. Nikimweleza, atadhani anakataliwa. Nisipomweleza, mama naye atashuka.

Jana nikamuuliza mama, kwa kuzungukazunguka. Hakuacha kuchambua mboga. "Mwache apange, Robi. Mimi nimechoka, nitalala popote."

Nilidhani nitapumua. Nilitoka nje, nikalia.

Enzi zile mtu alikesha amekaa wima ili mwingine alale na heshima yake. Vijana wa leo tunasafiri na mito ya shingoni, na ninaogopa kwamba treni ikirudi tutalala wote, vizuri kabisa.