Kabatini, Mbele ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinikuta ndani ya kabati. Bado hatujaoana na binti yake, jamani!

Ngoja nianze vizuri.

Kazi yangu ni kumpigia dalali picha za vyumba vya kupangisha. Vyumba vyenyewe vidogo, ukipiga chafya unagonga ukuta. Kwa hiyo nilimwomba fundi seremala anitengenezee kitanda na kiti, nusu ya saizi ya kawaida. Ukiviweka chumbani, kwenye picha panaonekana ukumbi. Mimi mwenyewe naingia kabatini, napigia kwenye upenyo wa mlango.

Nilijiona mjanja kweli kweli, wallahi.

Wakati huo mama wa mchumba wangu alikuwa ametoa sharti moja tu: "Binti yangu hatoki hapa mpaka nione anapokwenda kulala." Mchumba akanituliza, eti ameshapata chumba mtandaoni, kikubwa ajabu, atanionyesha mama akishakikubali.

Siku moja nilirudi kwenye chumba kimoja, dalali alitaka picha ya pazia jipya. Niko kabatini, nikasikia watu wanaingia. Nikavuta mlango haraka.

"Hii korido nimeiona," sauti ya mama mmoja ikasema. "Chumba chenyewe kiko wapi?"

"Ndicho hiki, mama," dalali akajibu.

"Hiki?"

"Mama, kwenye picha kilikuwa kikubwa!"

Sauti ya mchumba wangu!

Nikachungulia. Mama mtu alikuwa amekaa kwenye kile kitanda, magoti yamemfika kidevuni.

"Hapa analala nani, mwanasesere? Huyo mpiga picha nikimtia mkononi!"

Nikarudi nyuma, kidole kikateleza. Flashi ikawaka, pwaa!

Mlango wa kabati ukafunguliwa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu kwa mazoea. Kisha akatoa macho.

Dalali naye, mdomo haumkai: "Huyu ndiye mpiga picha wetu! Fundi sana!"

Mchumba akaanza kulia. Nikajua nimekwisha, harusi hakuna.

Mama akanisogelea. "Sema kweli. Chumba hiki kina hatua ngapi?"

"Nne kwa tatu, mama. Na kitanda ni cha uongo. Nisamehe."

"Alaa! Kumbe ukweli unaujua." Akajifuta uso kwa mtandio, nikaona mabega yanamcheza kwa kicheko. "Harusi ipo. Lakini zawadi yangu nitaibadilisha."

Alikuwa ametuahidi kitanda cha sita kwa sita.

Siku ya harusi zawadi ikaletwa imefunikwa shuka jeupe, vigelegele juu. Nikafunua.

Kile kile cha fundi wangu! Alikinunua kwa dalali.

Tulikilalia miezi mitatu, mke wangu kitandani, mimi nusu kitandani nusu sakafuni. Siku hizi nikipiga picha ya chumba, lazima mtu mzima awe amelala humo, miguu imenyooka.

Mpiga picha mwenzangu, kabla hujatuma picha, jiulize kama ungemkaribisha mama mkwe wako humo. Mimi sikujiuliza, na mgongo unaniuma mpaka leo.