Askari Aliyemzika Adui Yake

Mimi ni mtu wa amani, waulizeni wasomaji wangu. Nimeandika riwaya nzima ya kulaani vita, na vita vyenyewe nimeviona kwenye televisheni tu, tena taarifa ya habari ikirefuka nabadilisha chaneli. Katika sura niipendayo kuliko zote, askari anaweka bunduki chini, anachimba kaburi kwa mikono yake na kumzika adui yake. Walimu wenzangu wa fasihi hapa Chake Chake walisema sura ile imejaa utu. Nilikubaliana nao haraka sana.

Mke wangu aliusoma mswada huku akingoja mchuzi uwive. Alilia kweli kweli, nami nikakaa pembeni na unyenyekevu wangu wote, nikisubiri sifa.

"Sura hii uliiandika lini?" akauliza.

Nilimjibu bila ya kufikiri: siku aliyozikwa binti wa kaka yangu.

Kaka yangu anakaa mtaa wetu huu huu wa Tibirinzi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tangu uchaguzi tulikuwa tumesusiana. Yeye na chama chake, mimi na changu. Hatusalimiani, hatualikani, hatuzikani. Sisi Wapemba hatuna haja ya mizinga. Binti yake alipofariki, mke wangu alikwenda. Mimi nilifunga dirisha, maana watu waliokuwa wakipita kwenda msibani walinivuruga, na maiti wangu wa kubuni alikuwa bado hajazikwa.

"Askari wako ntu mwema," mke wangu alisema, akanirudishia karatasi zangu. "Ningeolewa naye yeye."

Adhuhuri, baada ya sala, nilikwenda. Nilimkuta kaka barazani akichambua karafuu. Njiani nilikuwa nimetunga hotuba nzuri tu, kazi yangu si ndiyo hiyo. Yakanitoka maneno mawili: "Pole, kaka." Nilikuwa nimechelewa miezi saba, na niliona aibu hata ya kukaa.

Alinisogezea mkeka. Akachambua karafuu zake kitambo, kisha akasema bila ya kuniangalia:

"Siku ile walitafuta maharimu wa kushuka nami kaburini. Mwanangu hana wanaume wengine wa damu; maharimu zake ni mie na weye tu. N'kawaambia wangoje, ami yake yu njiani."

Nikamuuliza walingoja mpaka lini.

"Mpaka alasiri ikaadhiniwa," akasema. "N'kashuka peke yangu."